Kufunga cheni ya taimingi kwenye injini ya 22R

Hilux za miaka ya 1980 bado zinapiga kazi huku kwetu Dodoma, na ugonjwa wa injini yake ya 22R naujua vizuri. Vibao vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi (inayounganisha kranki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu) hukatika, cheni inalegea, inaanza kulila kava la mbele mpaka inatoboa njia ya maji. Ukichomoa stiki ya kupimia oili ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usikimbilie kulaumu gasketi ya silinda hedi. Kagua na kava.

Nunua seti nzima: cheni, gia zote mbili, tenshona (kikaza cheni), na vibao vyenye mgongo wa chuma. Cheni mpya juu ya gia zilizolika ni hela iliyotupwa. Kama gereji yako iko wazi kama yangu hapa Kizota, funga asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na kila tundu lifunike kwa kitambaa safi. Vumbi letu likiingia kwenye beringi mpya, oveholi yote imekwenda bure.

Hatua ya 1. Hedi ikiwa bado nje, zungusha kranki mpaka kii yake (kipande cha chuma kinachoshika gia isiteleze) itazame juu. Hapo pistoni namba 1 na 4 ziko juu kabisa. Visha kranki gia ndogo.

Hatua ya 2. Cheni ina viungo vinavyong'aa kuliko vingine. Kimoja kikae kwenye alama ya gia ya kranki, kingine kwenye alama ya gia ya kamshafti. Pitisha cheni katikati ya vibao, vuta ulegevu, kisha funga cheni na gia kubwa kwa kamba zisiachane.

Hatua ya 3. Funga tenshona, kava na pampu ya oili. Pampu ijaze oili kabla hujaifunga.

Hatua ya 4. Rudisha hedi, pini ya kamshafti (inayoingia kwenye tundu la gia kubwa) ikitazama juu. Kuna bolti moja fupi mbele, chini ya gia ya kamshafti, inayoshika hedi na kava. Wakati wa kufungua huwa imezama kwenye oili, na nimeshaona kava likipasuka kwa sababu fundi aling'ang'ana kunyanyua hedi bila kuitoa.

Hatua ya 5. Nyanyua gia na cheni, ingiza kwenye pini. Ikionekana cheni ni fupi, usipige nyundo. Tikisa kranki mbele na nyuma kidogo huku ukivuta juu, itaingia. Bolti ya gia ikaze kwa takriban Nm 78.

Hatua ya 6. Hapa ndipo vijana wengi huchanganyikiwa. Zungusha kranki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ukihisi imegonga kitu, simama. Baada ya mizunguko hiyo viungo vinavyong'aa havitarudi kwenye alama, na hilo si kosa: vimeshahamia kwingine. Wewe tazama alama ya puli ya kranki iwe sifuri na pini ya kamshafti iwe juu. Zikikubaliana, umefunga sawa. Zikipishana, hata kwa jino moja, rudia; gari litawaka kwa shida na mlima halitapanda.

Toa plagi, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi na uwashe. Cheni inaweza kulia sekunde chache, kwa kuwa tenshona inasukumwa na presha ya oili. Injini ikishapata moto, seti valvu: za kuingiza milimita 0.20, za moshi 0.30.