Maonyesho ya picha Amu: anza na ukuta

Msanii akinipigia simu kutoka Nairobi au Mombasa kwamba anataka kuonyesha kazi zake Amu, yaani mji wa Lamu, jambo la kwanza kuniambia ni idadi ya picha alizo nazo. Mimi namuuliza chumba alichopata kina upana gani. Hapo hukaa kimya kidogo, maana hakupima. Keshachora kanvasi ya mita mbili na nusu na tarehe ya ufunguzi keshaitangaza.

Kazi yangu ni kutundika. Nilisomea useremala kwa mjomba wangu huko Langoni, mbao zikaniingiza kwenye fremu, na fremu zikaniingiza kwenye maonyesho. Haya ninayoandika ndiyo ninayomwambia kila anayekuja, awe mchoraji, mpiga picha au mwalimu mwenye michoro ya wanafunzi. Yanahusu nyumba za kale za mawe. Ukipata ukumbi mpya wa matofali, mengi humu hutayahitaji.

Chumba kwanza. Nyumba zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: kwa urefu utatembea upendavyo, lakini ukisimama kuutazama ukuta wa ubavuni, hatua mbili za kurudi nyuma na mgongo wako umegusa ukuta wa pili. Picha kubwa ukiitundika hapo, mtu ataona rangi tu. Iweke mwisho wa chumba, kwenye ule ukuta mfupi, aione tangu mlangoni na aifuate. Ubavuni weka kazi ndogo ambazo mtu hana budi kuzisogelea. Na ukiwa na kazi moja inayozishinda zote kwa ukubwa, mahali pake ni kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, kwenye upande uliofunikwa usiopigwa na jua wala mvua.

Halafu fuata mpango wa nyumba yenyewe. Waliozijenga walianza na daka la nje ambapo mgeni huketi, kisha kiwanda, kisha misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, na mwisho ndani, chumba cha faragha. Kila unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi. Kazi zenye kelele, za rangi kali na mambo ya mjini, ziache mbele. Kazi za karatasi, za wino, na picha za watu usoni zipeleke ndani. Utakuwa umefanya mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu ndani pia ndipo penye giza. Majumba ya makumbusho huiwekea karatasi mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, na rangi za mafuta 200. Kiwandani mchana wa jua unazungumzia makumi ya maelfu. Pakua programu ya kupimia mwanga kwenye simu yako, haitakuwa sahihi sana lakini itakuonyesha tofauti. Rangi ya maji ikikaa kiwandani msimu mmoja, bahari yake ya buluu itakuwa ya kijivu.

Sasa ukuta. Pitisha kiganja chako juu yake, kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Kikirudi na unga mweupe, onja: ni chumvi. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji kutoka ardhini, maji yanapanda, yanakauka kwenye uso wa ukuta na kuacha chumvi inayoisukuma lipu itoke vipande vipande. Hapa chini ndipo penye shida zaidi. Ukuta uliozibwa kwa saruji usikudanganye kwa ulaini wake. Saruji haipumui, kwa hiyo unyevu hupanda juu zaidi au hutokea pembeni, na mara nyingi ndio ukuta mbaya kuliko wote nyumbani.

Kwa hiyo picha isiuguse ukuta. Kata vipande vya kizibo, au vya mpira wa ndala zilizochakaa, sentimita moja na nusu hivi kwa unene, ubandike kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu. Hewa ipite. Nyuma ya fremu funga ubao mwembamba au kadibodi ngumu, usiache kanvasi wazi. Mjusi kafiri hupenda kulala hapo, na anachoacha kikikauka juu ya karatasi hakitoki.

Misumari, la. Wala dirili. Kwanza, chokaa ya miaka mia mbili haishiki msumari, unapiga mmoja na sahani nzima ya lipu inakufuata. Pili, mji wa kale ni eneo lililohifadhiwa kisheria, na tangu 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kutoboa na kubadilisha nyumba kuna taratibu zake, na watu wa Makumbusho ya Taifa wako hapa hapa wa kuulizwa. Kuna jambo la tatu ambalo halimo katika sheria: mwenye nyumba atakukumbuka.

Tunatundika kutoka juu. Chukua ufito mnyoofu au bomba jembamba la chuma, ulilaze chini ya dari sambamba na ukuta, na ulifunge kwenye boriti kwa kamba inayozizunguka, bila kuzitoboa. Boriti za kale nyingine zina nakshi na rangi, weka kitambaa kati yake na kamba. Kwenye ufito huo ndipo utakapofunga mishipi.

Mshipi wa nailoni wa kuvulia unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya uvuvi, na hauonekani kwa mbali. Chagua ule wa samaki wakubwa. Funga picha kwa mishipi miwili, mmoja kila upande, kamwe si mmoja katikati. Upepo ukiingia kwa dirisha la baharini, picha ya mshipi mmoja itageuka iwape watu mgongo. Kama hujui fundo la nailoni, mwite mvuvi yeyote pale gatini akuonyeshe, maana fundo la kawaida huteleza. Tena nailoni huvutika. Tundika jioni, uache usiku kucha, asubuhi utakuta kila picha imeshuka, nzito zaidi ya nyepesi. Hapo ndipo uzisawazishe. Zenye vioo na zile nzito kweli kweli zitundike kwa waya wa chuma.

Kuhusu usawa, nimegombana na wengi. Utakuja na pimamaji yako, utaiweka juu ya fremu, kitone kitakaa katikati, utarudi nyuma na picha itaonekana imelala upande. Pimamaji haikukosea. Nyumba ndiyo iliyolala, sakafu kivyake na boriti kivyake. Jicho la mtu hulinganisha fremu na boriti iliyo juu yake. Mimi hutumia timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kwa ncha za ubavuni, kisha natazama boriti na kuipa nyumba nusu ya inachotaka. Kwa urefu, katikati ya picha iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, kama wanavyofanya kwingi duniani. Isipokuwa mahali penye baraza. Hapo wazee wataketi, na picha ishuke ifike machoni pao.

Zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, ziacheni, tafadhali. Ukuta wa zidaka ni maonyesho tayari, na aliyeuchonga hakuomba msaada. Unaweza kuweka chombo kidogo cha udongo au kitana cha mti ndani ya kimoja au viwili, lakini usitundike picha mbele yake na usibandike gundi ya aina yoyote.

Vibandiko vya maelezo havitashika kwenye chokaa, gundi hukamata ule unga na asubuhi vyote viko chini. Vibandike juu ya vibao vyembamba, uvitundike kwa mshipi huo huo. Andika jina la msanii, jina la kazi, mwaka, kilichotumika na vipimo. Kiswahili kiwe juu na kwa herufi kubwa, lugha nyingine zifuate. Nimeona maonyesho mjini hapa yaliyoandikwa Kiingereza kitupu, na wenye mtaa wakapita mlangoni wakidhani ni ofisi.

Tarehe. Kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba hadi Machi, ndio msimu: kavu kiasi, bahari inakubali, wageni wapo. Kusi ikianza, Aprili na kuendelea, masika huingia, karatasi hujikunja na kanvasi hulegea, na maboti yanayovuka kutoka Mokowe, bara, humwaga maji juu ya kila kilichomo. Tamasha la utamaduni hufanywa Novemba, na wasanii hulikimbilia. Sikatai, watu ni wengi. Lakini uwe umemaliza kutundika mapema, maana mashindano ya punda na ya mashua yakianza, hamali humpati, na aliyeahidi kukusaidia yuko kwenye mashua. Maulidi nayo, mwishoni mwa Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), huwajaza watu msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima. Huo si wakati wa kushindania watu. Ramadhani pumzika, au fungua usiku baada ya tarawehe, na usitie mkahawa mchana. Na kumbuka tarehe hizi za mwandamo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana usiitumie.

Kusafirisha ni fupi. Funika kwa turubai, si kwa karatasi. Vioo vibadilishe viwe perspeksi, ile plastiki ngumu inayopenya mwanga, kabla hujaondoka nyumbani. Gatini usiwape punda picha, mzigo wa punda hukwaruza kuta zote mbili za kichochoro. Tafuta hamali wawili na upite nao njia kabla ya kubeba. Kuna kona kadhaa mtaa wa Mkomani ambazo hamali atazitazama, atakitazama kifurushi chako, na kusema, "Hichi hakipiti ndia hii, bwana." Mwamini, uzunguke na njia ya pwani.

Ufunguzi ndio unaowashinda wengi, maana wanauleta kama walivyouona Nairobi. Magharibi ikiadhiniwa nusu ya watu wako watatoka, na haki yao. Anza saa kumi na nusu, baada ya alasiri, umalize mambo rasmi kabla ya saa kumi na mbili, kisha uwaite tena baada ya isha kwa wanaotaka kutazama kwa utulivu. Mgeni rasmi azungumze kiwandani, watu wakiwa wameketi, kabla hawajaingia vyumbani. Ukimwacha azungumze baadaye, atawakata watu katikati ya kutazama. Mpe dakika kumi, na umwambie ni kumi. Ukimpata mshairi wa kusoma beti chache, msomee mgeni rasmi ratiba ili ajue mshairi ndiye wa mwisho, atafupisha mwenyewe. Amu watu wamekua na mashairi na hawavumilii hotuba ndefu iliyo mbaya.

Kahawa chungu ndani ya dele, tende, halwa, kaimati. Inatosha. Mwagize mama wa jirani mahamri badala ya kuleta vitu vya hoteli, na nyumba yake nzima itakuja kutazama. Chakula kikae kiwandani, kisivuke mlango wa msana, mafuta ya mahamri yana safari ndefu vidoleni.

Bango libandikwe Mkunguni mbele ya ngome, ambapo kila mtu hupita. Lakini kuwaalika akina mama kwa bango ni kujidanganya. Nenda kwa bibi mmoja anayesikilizwa mtaani, mweleze, umuombe. Tenga alasiri moja iwe yao peke yao, msimamizi mlangoni awe mwanamke, na wanaume wote mtoke, msanii naye kama ni mwanamume. Siku hiyo utasikia maoni ya kweli zaidi kuliko siku ya ufunguzi, kwa sababu watayaandika kitabuni bila adabu za mkutano.

Kama wewe ni mpiga picha, kuna jambo huwa silizungushi. Uso wa mtu wa hapa hautundikwi bila yeye kukubali, na aliyekubali kupigwa picha sokoni hajakubali kuonyeshwa ukutani. Mpelekee picha iliyochapishwa, mkononi, aione. Wanawake hasa. Nimewahi kuishusha picha saa moja kabla ya mlango kufunguliwa, na msanii alikasirika sana. Sikuirudisha. Wapo pia wasiopenda picha za viumbe kabisa kwa ajili ya dini, usibishane nao. Waonyeshe chumba cha hati, yaani maandishi ya mapambo, na nakshi kwanza, wengi watakaa humo kwa raha.

Bei zikubaliwe kwa maandishi kabla ya picha ya kwanza kupanda: nani anapokea, nyumba inachukua kiasi gani, picha iliyouzwa inatoka lini. Iliyouzwa itiwe kitone chekundu kwenye kibao, na isitoke mpaka siku ya mwisho, hata mnunuzi akisema ndege yake ya uwanja wa Manda ni kesho.

Maonyesho yakiendelea, pita kila asubuhi na kitambaa kikavu na tochi. Mulika nyuma ya fremu kutafuta mchwa, njia zao za udongo huonekana kama uzi wa kahawia ukutani. Fungua madirisha asubuhi, yafunge upepo wa mchana ukikaza. Stima ikipotea uwe na taa za betri. Jenereta kwenye kichochoro itakugombanisha na mtaa mzima.

Kushusha kuna haraka yake, lakini usifunge picha siku unayoishusha. Zilaze chumba cha juu usiku mmoja, migongo juu, zikauke, kisha kagua kila pembe ya fremu kama kuna mayai ya wadudu. Ufito fungua mwisho, na boriti zipanguse pale kamba ilipokaa. Hamali walipe gatini, mizigo ikiwa imeshaingia botini, na uulize maji ya bahari yanatoka saa ngapi kabla hujawaita.