Namna ya kuiga foleni ya maji kwa namba nasibu

Katika sehemu nyingi za Goma, maji yanayovutwa kutoka Ziwa Kivu huwafikia watu kupitia robine ya umma: mtu hufika na bidoni yake ya lita 20, akasubiri zamu, akajaza, akaondoka. Tuseme kamati inayosimamia robine moja inataka kujua kama inafaa kuongeza ya pili. Kuijenga ili tu kuona kitakachotokea ni gharama, na kukisia ni hatari, kwa sababu foleni ina tabia ambazo akili haizitarajii. Ipo njia nyingine, nayo ni kuijenga foleni hiyo ndani ya kompyuta, kuwaleta wateja kwa namba nasibu, na kupima muda wanaosubiri. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa kutumia Excel ya Kifaransa, ambayo ofisi na vyuo vingi vya kwetu vinayo. Nasisitiza tangu mwanzo kwamba kompyuta haikosi kamwe kutoa jibu. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kama jibu hilo linastahili kuaminiwa.

Njia hii huitwa Monte Carlo. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, alicheza karata za mtu mmoja na kujiuliza uwezekano wa mchezo kufaulu ni kiasi gani. Aliona kwamba badala ya kuhesabu mipangilio yote inayowezekana, angeweza kucheza mara nyingi na kuhesabu mara alizofaulu. Alizungumza na mwanahisabati mwenzake John von Neumann, na wazo hilo likatumika katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa hesabu za mwendo wa nyutroni. Nicholas Metropolis ndiye aliyependekeza jina, na makala ya kwanza yenye jina hilo, aliyoiandika pamoja na Ulam, ilitoka mwaka 1949.

Kabla ya kufungua kompyuta, nenda kwenye robine ukiwa na saa na daftari. Andika dakika na sekunde ambayo kila mteja anafika, anayoanza kujaza, na anayoondoka. Usikadirie kwa dakika tano tano, kwa maana tofauti ndogo ndizo zinazounda foleni. Tenganisha asubuhi na jioni, kwani saa ambayo watoto wanatoka shuleni haifanani na saa nne za asubuhi, na ukizichanganya utapata wastani wa wakati ambao haupo. Kwa mfano wetu, nitachukua kwamba mteja mmoja hufika kila baada ya dakika 5 kwa wastani, na kwamba kujaza huchukua dakika 4 kwa wastani. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Wewe utaweka zilizo katika daftari lako.

Sasa tunahitaji namba nasibu. Kompyuta haichezi kamari. Inafuata kanuni, na namba zake zinafanana na za bahati bila kuwa za bahati. Ili kuona jinsi inavyofanya, chukua kalamu: anza na 7, zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, na ushike baki peke yake. Utapata 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, kisha 7 inarudi na mzunguko unaanza upya. Namba uliyoanza nayo huitwa mbegu, na mbegu ileile daima huzaa mfululizo uleule. Vizalishi vya kweli, yaani kanuni za kutoa namba nasibu zinazotumika kazini, vina mizunguko mirefu zaidi. Kimoja kilichopendekezwa na Park na Miller mwaka 1988 kinazidisha kwa 16807 na kushika baki baada ya kugawanya kwa 2147483647. Ukikiandika mwenyewe na kuanza na 1, namba ya 10,000 lazima iwe 1043618065, na kama siyo, basi programu yako ina kosa.

Urefu wa mzunguko pekee hautoshi. Kizalishi kiitwacho RANDU, kilichotumika sana katika miaka ya 1960 na 1970, kilizidisha kwa 65539 na kushika baki baada ya kugawanya kwa 2 kipeo cha 31. Ukizipanga namba zake tatu tatu kama nukta katika nafasi ya vipimo vitatu, nukta zote zinaangukia juu ya bapa 15 tu, na kati ya bapa hizo hakuna kitu. Kazi nyingi zilifanywa kwa kizalishi hicho kabla watu hawajaacha kukitumia. Kwa hiyo usibuni kizalishi chako kwa kazi ya kweli. Mersenne Twister, kilichotungwa na Matsumoto na Nishimura na kuchapishwa mwaka 1998, ndicho kilicho ndani ya Excel tangu toleo la 2010 na ndani ya moduli ya kawaida ya namba nasibu ya lugha ya programu ya Python, nacho kinatosha kabisa kwa foleni ya maji.

Katika Excel ya Kifaransa, ALEA() hutoa namba kati ya 0 na 1, na kila namba ina nafasi sawa ya kutokea. Muda kati ya mteja na mteja hauko hivyo: vipindi vifupi ni vingi na virefu ni vichache. Ikiwa wateja wanafika kila mmoja kwa wakati wake bila kupatana, muda huo hupatikana kwa fomula hii, iandike katika kisanduku A2:

=-5*LN(1-ALEA())

Tunaandika 1-ALEA() kwa sababu ALEA() inaweza kutoa sifuri, na logi ya sifuri haipo. Nakili fomula hadi mstari wa 10,001, kisha hesabu visanduku vilivyo chini ya 5: vinapaswa kuwa karibu 63 katika kila 100. Jaribio hili dogo, linalochukua dakika moja, huokoa watu wengi kuliko fomula yoyote ngumu. Ikiwa daftari lako linaonyesha kwamba watu hufika kwa makundi, usilazimishe fomula hii. Afadhali uchague kwa nasibu kutoka katika vipindi vyako halisi ulivyovipima.

Katika B2 weka muda wa kujaza, kwa sasa =-4*LN(1-ALEA()), nayo uinakili hadi chini vilevile. Safu ya C ni muda wa kusubiri. Mteja wa kwanza hasubiri, kwa hiyo C2 ni 0. Katika C3 andika:

=MAX(0;C2+B2-A3)

Kanuni hii ilichapishwa na David Lindley mwaka 1952, nayo ni nzuri kwa wepesi wake. Mteja mpya anabeba kusubiri kwa aliyemtangulia pamoja na kujaza kwake, ukitoa muda uliopita kati ya kufika kwao wawili. Na kama hesabu inashuka chini ya sifuri, maana yake amekuta robine iko wazi. Nakili hadi chini, kisha tafuta MOYENNE, yaani wastani, ya safu ya C.

Hapa wengi husimama na kuandika ripoti. Usisimame. Kwa hali hii rahisi, nadharia ya foleni inatoa jibu kamili: zidisha muda wa kujaza kwa wenyewe, gawanya kwa tofauti kati ya 5 na 4, unapata dakika 16. Badilisha muda wa kujaza uwe 2 na jibu sahihi ni dakika 1 na sekunde 20. Jedwali lako lazima likaribie majibu haya mawili kabla halijaruhusiwa kusema lolote kuhusu jambo ambalo nadharia hailijui. Kwa wateja 10,000 usishangae kuona 14 au 18 badala ya 16, kwa sababu foleni iliyoelemewa hivi inayumba sana. Lakini ukiona 5 au 40 mara kwa mara ukibonyeza F9, kitufe kinachozalisha namba zote upya, tafuta kosa.

Sasa fanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo sababu halisi ya kuiga badala ya kupiga hesabu za wastani. Acha wateja wafike kama zamani, na muda wa kujaza ubaki dakika 4 kwa wastani, ila ubadilishe tabia yake. Kwanza, kila mteja ajaze kwa dakika 4 kamili bila kuzidi wala kupungua: kusubiri kunashuka hadi dakika 8. Kisha fikiria hali ya Goma yenyewe, ambapo wengi wanakuja na bidoni moja inayojaa kwa dakika 2, lakini mmoja kati ya kumi anafika na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, iliyopakia bidoni 11. Andika katika B2, ukikumbuka kwamba Excel ya Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta:

=SI(ALEA()<0,1;22;2)

Wastani bado ni dakika 4, kwa maana tisa wa dakika 2 na mmoja wa dakika 22 wanafanya dakika 40 kwa watu kumi. Lakini kusubiri kunapanda hadi dakika 26, na fomula ya Pollaczek na Khinchin, ya nadharia ileile ya foleni, inathibitisha tarakimu hiyo. Basi wastani uleule wa kujaza unatoa dakika 8, 16 au 26 za kusubiri. Aliyeiletea kamati wastani peke yake hajaiambia chochote kuhusu foleni, hata kama alipima kwa uangalifu mkubwa.

Kwa robine ya pili tunahitaji safu zaidi. D ni saa ya kufika: D2 ni =A2, na D3 ni =D2+A3. E na F zinaonyesha wakati ambao kila robine itakuwa huru, nazo zinaanza na 0. G ni wakati wa kuanza kujaza, na H ni kusubiri, yaani =G2-D2. Mteja huenda kwenye robine itakayokuwa huru mapema:

G2: =MAX(D2;MIN(E2;F2))
E3: =SI(E2<=F2;G2+B2;E2)
F3: =SI(E2<=F2;F2;G2+B2)

Irudishe safu ya B kwenye fomula yake ya kwanza, =-4*LN(1-ALEA()), ili uhakiki: jibu la nadharia ni karibu sekunde 46, dhidi ya dakika 16 za robine moja. Wengi hutarajia kusubiri kugawanyike mara mbili, na hapo ndipo akili inapodanganyika. Baada ya uhakiki, rudisha chukudu na usome jibu jipya. Tazama pia kwamba safu za A na B ni zilezile kwa robine moja na kwa mbili. Tunalinganisha mipango miwili kwa wateja walewale, na tofauti inayoonekana inatokana na mipango, haitokani na bahati ya siku.

Kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kulijua usipoliambia. Nimechukulia kwamba robine mbili zikifunguliwa pamoja, kila moja inatoa maji kwa kasi ileile. Kama bomba linalozilisha ni moja na presha ni ndogo, maji yatagawanyika na bidoni itajaa polepole. Rudi kwenye robine, fungua mbili kwa pamoja mahali zilipo, na upime tena muda wa kujaza kabla ya kuiahidi kamati sekunde 46.

Inabaki kusema jibu lina mashaka kiasi gani. Kosa la kawaida ni kuchukua mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) wa safu nzima ya C na kuugawanya kwa kipeuo cha pili cha 10,000. Hesabu hiyo inadai kila mteja awe peke yake, ilhali wanaofuatana husubiri karibu sawa: mmoja akikuta chukudu, watano nyuma yake wanaikuta pia. Mashaka yanayopatikana hivyo huwa madogo mno, pengine mara kadhaa kuliko ukweli. Njia salama ni kuiga siku nzima nzima. Tuseme robine huwa wazi kwa muda wa saa nane kila siku: iga siku 50, kila moja ikianza bila foleni, na katika kila siku shika wastani mmoja tu, ukiuhamisha kwa Collage spécial, Valeurs, ili usibadilike ukibonyeza F9. Kisha tafuta MOYENNE ya hizo 50, ECARTYPE yake (mkengeuko sanifu) ugawanye kwa RACINE(50), yaani kipeuo cha pili cha 50, na uzidishe kwa 2. Kama mkengeuko wa wastani za siku ni dakika 7, jibu lako lina dakika 2 hivi juu na chini. Kuyapunguza mashaka hayo nusu kunahitaji siku 200, wala si 100, kwa kuwa usahihi unakua kwa kipeuo cha pili cha kazi. Tena usishangae wastani wa siku kuwa chini ya 16: nadharia inahesabu foleni isiyofungwa kamwe, na robine yako huanza kila asubuhi ikiwa tupu. Kwa kamati, hiyo ya siku ndiyo inayofaa.

Katika ripoti, weka pia idadi ya waliosubiri zaidi ya nusu saa, kwa =NB.SI(C2:C10001;">30"). Katika mfano wa kwanza, wenye wastani wa dakika 16, nadharia inasema ni karibu 18 katika kila 100, huku 20 katika kila 100 wakiwa hawakusubiri hata kidogo. Kamati itaelewa tarakimu hizo mbili upesi kuliko wastani. Zigandishe safu za A na B kwa Valeurs, zihifadhi pamoja na daftari lako la vipimo, na uwakabidhi vyote viwili ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu kisanduku kwa kisanduku.