Somo: Kuchagua stendi, paleti na vifaa vingine vya studio ya mchoraji

Wanachama kadhaa wa kikundi chetu cha uchoraji wameomba mwongozo wa kununua vifaa vya studio, na karibu wote wanataka kwanza kujua stendi ya kuchorea, yaani ile inayoishika kanvasi wakati wa kuchora, iliyo bora ni ipi. Naomba tuanzie kwenye chumba chenyewe, kwa sababu stendi ya bei kubwa iliyosimamishwa mahali pabaya haimfai mchoraji, na mwanga wa Uganda una tabia ambayo vitabu vingi vya uchoraji haviizungumzii.

Hatua ya kwanza: Chunguza mwanga wa chumba

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humshauri mchoraji atafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima na dirisha la kaskazini hupata mwanga tulivu wa anga. Kampala iko karibu mno na ikweta, kiasi cha theluthi moja ya digrii tu upande wa kaskazini, kwa hiyo ushauri huo hapa una ukweli wa nusu mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini na kulipiga dirisha hilohilo tuliloambiwa ni salama. Miezi iliyobaki zamu huwa ya dirisha la kusini. Mwenye madirisha pande zote mbili atahamisha stendi kulingana na msimu. Mwenye moja tu asikate tamaa, kwani saa sita mchana jua letu halishuki sana upande wowote, na upenu wa mabati uliotokeza vya kutosha hulizuia kwa sehemu kubwa ya siku. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayosumbua, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini na kuifikia kanvasi moja kwa moja.

Baraza lenye paa pana nalo ni mahali pazuri pa kuchorea, na si jambo la kuonea haya: shule ya sanaa ya Makerere ilianza mwaka 1937 kwa madarasa ambayo mwalimu Mwingereza Margaret Trowell aliyaendesha katika baraza la nyumba yake huko Mulago.

Tazama pia kilichopo nje ya dirisha. Uwanja wa udongo mwekundu hurudisha ndani mwanga wenye wekundu, hasa jua linapowaka, na mchoraji asiyeligundua jambo hilo atapoza rangi zake, yaani kuzielekeza kwenye ubuluu, kupita kiasi akidhani anasahihisha. Weka karatasi nyeupe mahali ambapo kanvasi itakaa, kisha iangalie asubuhi, mchana na jioni. Utaona wazi inavyobadilika.

Hatua ya pili: Chagua stendi

Kwa kuwa mwanga wetu unahama, sifa ya kwanza ninayoitafuta katika stendi ya studio ni kwamba iwe nzito kiasi cha kutotikisika na wakati huohuo iweze kusogezwa. Stendi ya miguu mitatu ni nyepesi na hukunjwa, lakini hutetemeka chini ya brashi ya mtu anayechora kwa nguvu, na kanvasi ikizidi upana wa mita moja huanza kuyumba. Stendi ya mezani inamtosha anayechora picha ndogo akiwa ameketi. Ile ya nguzo mbili wima zilizounganishwa kwa mbao za kukingama ndiyo ninayompendekezea yeyote mwenye chumba cha kudumu.

Stendi hiyo si lazima iagizwe kutoka nje. Fundi seremala wa Ndeeba, Kampala, anayejua kutengeneza kitanda imara anaweza kuitengeneza, mradi umpelekee mchoro wenye vipimo. Mimi hupendekeza nguzo za mbao za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 6, kitako chenye upana na kina cha inchi 24 au zaidi, kibao cha kubebea kanvasi kinachopanda na kushuka kwa kufuata matundu yaliyotobolewa kila baada ya inchi 2, na kishikizi cha juu kinachobanwa kwa bolti yenye nati ya masikio, ili kisidai spana kila mara. Mwambie fundi aweke bawaba chini ya nguzo na mkono wa chuma nyuma yake, ili stendi iweze kulala nyuma na kuinama mbele kidogo. Mafundi wengi huona ajabu kusikia kwamba stendi inatakiwa iiname mbele. Wafafanulie kwamba rangi ya mafuta ikiwa mbichi hung'aa, na kanvasi iliyoinama mbele haiakisi mwanga wa dirisha machoni pa mchoraji wala haipokei vumbi jingi. Kwa anayetumia pasteli, yaani vijiti vya rangi laini kama chaki, unga hudondoka chini badala ya kuchafua picha.

Kuhusu mbao, mvule ni imara na mchwa hauupendi, ila ni ghali na mzito, nami naona vipande vinavyobaki baada ya kazi nyingine vinatosha kwa kitako. Msonobari uliotiwa dawa unafaa kwa nguzo. Mkalitusi mbichi uepuke, kwani hupinda na kupasuka unapokauka. Tupia jicho kwenye urefu wa ubao kama unavyolenga shabaha, na kama umejipinda hata kidogo, urudishe. Magurudumu yawe manne, na angalau mawili yawe na breki.

Kabla ya kulipa, iweke kanvasi kubwa kuliko zote unazotarajia kutumia, kisha uisukume kona yake ya juu kwa kidole kimoja. Ikitikisika na kuendelea kutikisika baada ya kuondoa kidole, viungo vimelegea, na fundi akidai kwamba itakaza yenyewe usimsikilize.

Hatua ya tatu: Chagua paleti

Paleti, yaani kibao au sahani ya kuchanganyia rangi, huchaguliwa kwa kufuata aina ya rangi. Kibao cha mbao chenye tundu la kidole gumba ni cha rangi za mafuta, na kabla ya kukitumia kinapakwa mafuta ya kitani mara kadhaa, kila safari yakiachwa yakauke, ili mbao isifyonze mafuta yaliyomo katika rangi. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka katika dakika chache na kung'ang'ania mbao, kwa hiyo inahitaji sahani ya plastiki au ya kauri, au sinia la kina kifupi lenye kitambaa kilichoroweshwa na juu yake karatasi ya kuokea mikate. Rangi iliyowekwa juu ya karatasi hiyo hubaki laini kwa saa nyingi ikifunikwa. Rangi za maji zinataka sahani nyeupe yenye vishimo.

Kwa kazi ya studio, hata hivyo, mimi nakipendelea kioo kinene cha milimita 5 au 6 kilicholazwa juu ya meza. Mwombe mkata vioo asage kingo zake. Chini ya kioo weka karatasi yenye rangi inayofanana na rangi ya msingi ya kanvasi yako: kijivu kwa kijivu, kahawia kwa kahawia. Kosa la kawaida ni kuchanganya rangi juu ya mbao nyekundu halafu kuipeleka kwenye kanvasi nyeupe, ambako rangi ileile huonekana imekolea kuliko ilivyokuwa. Rangi iliyokauka juu ya kioo hukwanguliwa kwa wembe.

Hatua ya nne: Vifaa vilivyobaki

Brashi za manyoya magumu ya nguruwe ni za rangi za mafuta, za nyuzi bandia ni za akriliki, na za manyoya laini ni za rangi za maji. Nunua chache zilizo nzuri. Kisu cha kuchanganyia kiwe na shingo iliyopinda ili vidole visiguse rangi. Taa ya usiku iwe ya mwanga mweupe wa takriban kelvini 5000, yenye kiwango cha kuonyesha rangi (CRI) kisichopungua 90 kati ya 100, na umeme ukikatika acha kuchanganya rangi, kwani taa ya akiba ya mwanga wa manjano itakudanganya. Picha zisiegemezwe ukutani moja kwa moja wala zisigusane na sakafu. Zipandishe juu ya vibao, uache nafasi ya hewa, ukague mchwa mara kwa mara.

Vitambaa vilivyofutiwa mafuta ya kitani visikunjwe na kurundikwa, kwa kuwa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize katika ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Masaka: Mwalimu, shikamoo. Chumba changu kina dirisha moja tu, nalo linatazama mashariki. Je, nihame?

Marahaba. Usihame. Tundika amerikani nyeupe dirishani asubuhi ili jua litawanyike, na kazi inayohitaji uangalifu wa rangi iache mpaka alasiri. Asubuhi ifanye kuwa saa ya kuwamba kanvasi na kupaka rangi ya msingi.

Mwanachama wa Mukono: Ninachora juu ya lubugo. Nikiiwamba kwenye fremu inavutika na kulegea. Nifanyeje?

Lubugo hutokana na gome la mti wa mutuba lililopondwa, na nyuzi zake hazistahimili mvuto kama pamba iliyofumwa. Igandishe kwa gundi nyeupe juu ya plaiwudi au juu ya kanvasi ya pamba iliyokwisha kuwambwa, ukiilainisha kutoka katikati kwenda kingoni. Tumia akriliki; ukitaka rangi za mafuta, ziba kwanza nyuzi kwa tabaka la kinga lisilo na rangi, maana mafuta huzidhoofisha nyuzi kadiri miaka inavyopita. Chini ya kioo chako cha paleti weka kipande cha lubugo ileile.

Mwanachama wa Fort Portal: Nikichora nje, upepo unaangusha stendi ya miguu mitatu.

Funga mfuko wa mawe katikati ya miguu, uning'inie karibu na ardhi, na mguu mmoja uelekee kule upepo unakokwenda.

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, tapentaini ni ghali. Rafiki yangu husafishia brashi zake kwa petroli, nami nanunua mafuta ya taa. Kuna ubaya?

Petroli usiiingize studio kabisa, kwani mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo ya swichi. Mafuta ya taa hayana hatari kubwa kiasi hicho, lakini huacha utando kwenye brashi unaochelewesha rangi kukauka. Njia ya bei nafuu ni kufuta brashi vizuri kwa karatasi, kuichovya katika mafuta ya kupikia, kuifuta tena, kisha kuiosha kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu mpaka povu litoke jeupe. Ilaze ikauke, usiisimamishe ikiwa na maji, kwa sababu hushuka hadi kwenye mpini na kulegeza manyoya.