Kuweka vigae sakafuni mwenyewe: kazi kubwa iko chini ya kigae

Sakafu ya vigae ikipasuka, au ikitoa mlio wa utupu ukiigonga, lawama humwangukia aliyeuza vigae. Mara nyingi kosa liko chini: sakafu yenye mabonde, vumbi lililoachwa, gundi isiyoenea. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye maandalizi na gundi.

Hatua ya 1: Kagua sakafu

Zege jipya lipe siku 28 likomae. Kwenye sakafu ya zamani, tandaza kipande cha nailoni, ziba kingo zake zote kwa utepe, kiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake au sakafu imekuwa nyeusi, unyevu unapanda. Tafuta unakotoka kabla ya kununua chochote.

Kisha chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na uupitishe chumba kizima. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Penye kilima saga, penye bonde jaza plasta ya kusawazisha. Usitegemee gundi kujaza mabonde: ikiwa nene mno husinyaa inapokauka na kukivuta kigae chini. Gonga kote kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, plasta imeachana na zege, ing'oe na uijaze upya. Rangi, mafuta na vumbi vyote vitoke, maana gundi itashika hivyo badala ya kushika sakafu.

Fungua mlango pia. Kigae na gundi vitainua sakafu sentimita moja na zaidi, na huenda mlango ukahitaji kukatwa chini.

Hatua ya 2: Panga vikavu

Nunua vigae zaidi kwa asilimia 10, au 15 ukivilaza mshazari. Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya rangi na ya kipimo.

Piga mistari miwili ya chaki ikatane katikati ya chumba. Kutoka kwenye makutano pima sentimita 90 kwenye mstari mmoja na 120 kwenye mwingine; kati ya alama hizo ikiwa 150 kamili, pembe ni mraba. Panga vigae bila gundi hadi ukutani. Kipande cha mwisho kikiwa chembamba, sogeza mstari kwa nusu kigae, na pande zote mbili zitapata vipande vipana.

Hatua ya 3: Gundi

Mimina unga wa gundi kwenye maji, koroga, acha dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza maji. Sambaza eneo dogo tu. Gundi isiyoshika kidole ukiigusa imeshaota ngozi, ikwangue.

Kwa kigae cha sentimita 60 kwa 60 natumia mwiko wa meno ya milimita 10, nikichana mistari inayoelekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutoka. Paka mgongo wa kigae gundi nyembamba, kilaze, kisha kisukume mbele na nyuma kukatisha ile mistari. Mara kwa mara ng'oa kimoja ukitazame mgongo: gundi iwe imeenea kote. Ule mtindo wa kuweka mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, uache kabisa. Mguu wa kabati ukikaa juu ya utupu, kigae hupasuka.

Anzia kwenye makutano, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Weka misalaba ya plastiki kati ya vigae ili nafasi zilingane, kagua kwa pimamaji, gonga kwa nyundo ya mpira. Kando ya kuta acha milimita 5 au zaidi, vigae vipate pa kutanukia, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itafunika. Bafuni, sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na kinga ya maji ipakwe kabla ya vigae.

Ukikata kwa grainda, vaa miwani na barakoa, na ukatie nje. Vumbi la silika huharibu mapafu.

Hatua ya 4: Grauti

Subiri saa 24. Sukuma grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae, mshazari kwa mwiko wa mpira ili usiichimbue kwenye nafasi, ikianza kukaza futa kwa sifongo iliyokamuliwa vizuri. Usiijaze kwenye ule uwazi wa ukutani. Samani nzito zirudi baada ya muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi, zikiinuliwa, si kuburutwa.