Anza na ndoo ya sabuni: namna ya kusoma hali ya viwanda vya kemikali Tanzania

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Dodoma. Alinipigia simu usiku, saa ambazo mwanafunzi hupiga akiwa na shida ya hela au ya kazi ya darasani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, sema." Mwalimu wao kawapa kurasa kumi: hali na mustakabali wa viwanda vya kemikali na petrokemikali (kemikali zinazotokana na mafuta ghafi na gesi) nchini. Keshasoma ripoti tatu na zote zinamwambia fursa ni nyingi. Sasa aandike nini?

Mimi napika sabuni ya maji hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Sina shahada ya kemia. Nikamwambia afunge ripoti kwanza, aende kwa mama yeyote anayeuza sabuni ya kupima, akanunue nusu lita na kuuliza maswali. Niliyomweleza usiku ule, na mengine niliyoyakumbuka asubuhi simu ikiwa imeshakatika, ndiyo haya.

Andika kila kinachoingia kwenye pipa, halafu ukifuate kinyumenyume hadi kinapovuka bahari au mpaka. Kwangu orodha ni fupi: salfoniki, slesi (kemikali nyingine ya povu), soda ashi (magadi yaliyosafishwa), chumvi ya mawe, gliserini, rangi, manukato, maji. Maji ni ya bomba la Tanga. Chumvi ni ya pwani yetu, tena nzuri. Baada ya hapo unaanza kusafiri.

Salfoniki ndiyo inayotoa povu na kukata mafuta kwenye sufuria. Ni kitu kizito, cha kahawia, kinachounguza ngozi, na kinauzwa kwa kupimwa kutoka kwenye pipa la bluu. Wengi wanaoitumia hawajui kwamba ni mtoto wa mafuta ya petroli. Kiwanda kinachukua sehemu ya mafuta ya taa iliyochujwa, kinaiunganisha na benzeni, kisha kinaipitisha kwenye gesi ya salfa. Benzeni na mafuta ya taa hutoka kwenye mtambo wa kusafisha mafuta ghafi, na sisi mtambo huo hatunao. Tulikuwa nao Kigamboni, TIPER, uliojengwa miaka ya 1960 kwa ubia na Waitaliano. Uliacha kusafisha mwishoni mwa 1999 na leo ni maghala ya kuhifadhia mafuta. Wakenya nao walikuwa na wao Changamwe, Mombasa, ukaacha kusafisha mwaka 2013. Kwa hiyo ukiniona nakoroga salfoniki Tanga, jua unatazama ncha ya mkia. Kichwa kiko Ghuba, India au China.

Pipa la salfoniki huja na karatasi, usiidharau. Mwaka wangu wa pili nilinunua kwa duka moja la jijini, bei ikiwa chini kidogo ya wengine. Sabuni ikawa maji matupu, povu linakufa kabla sahani haijaoshwa. Ilikuwa imeongezwa maji. Tangu siku hiyo naomba cheti cha uchambuzi, naangalia nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, na kama muuzaji amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usajili huo unatakiwa chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Mimi karatasi hiyo iliniokoa mtaji. Wewe mwanafunzi itakupa jina la nchi, ambalo ripoti nyingi zinalifunika kwa neno "uagizaji".

Soda ashi ina kisa kingine, kinauma zaidi kwa sababu kiko karibu. Mfuko wangu mara nyingi umetoka ng'ambo ya mpaka, kwenye Ziwa Magadi la Kenya, ambako Wakenya wamekuwa wakichota magadi ziwani tangu zama za Mwingereza, mwaka 1911. Sisi tuna Ziwa Natron jirani kabisa na ziwa lao, maji ya aina ileile. Mpango wa kiwanda pale uliibuka mwaka 2006 ukakwama kwa pingamizi kubwa, kwani Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe wadogo, wale ndege flamingo, katika Afrika Mashariki. Mimi naona waliopinga walikuwa na haki. Heroe hana ziwa jingine la kuhamia. Shirika la Maendeleo la Taifa likageukia Engaruka, wilaya ya Monduli, ambako kuna magadi chini ya ardhi. Basi mtu akikuandikia "Tanzania ina soda ashi nyingi", muulize: ya Natron au ya Engaruka? Na je, imeshatoka mfuko?

Na chumvi? Chumvi ukiipitishia umeme ikiwa majini unapata kostiki na klorini: kostiki ya sabuni ya mche, klorini ya kutibu maji. Pwani yote hii ina mashamba ya chumvi, kuanzia hapa Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi hadi Mtwara. Lakini gunia la kostiki lililoandikwa limetengenezwa Tanzania halijawahi kupita mikononi mwangu. Umeme mwingi, wa uhakika na wa bei nafuu ndio unaoamua kiwanda hicho. Chumvi peke yake haitoshi.

Sasa geuza ndoo. Chini ya kila chombo cha plastiki kuna pembetatu yenye namba. Chupa ya maji ina 1, dumu la mafuta ya kula mara nyingi 2, ndoo 5. Viwanda vya kufinyanga vyombo hivyo tunavyo, vingi tu, Dar es Salaam pekee vinatosha kukuchosha miguu. Lakini nenda nyuma ya kiwanda uangalie mifuko ya kilo 25 yenye punje za plastiki. Soma maandishi: Saudi Arabia, Qatar, India. Sisi tunayeyusha na kufinyanga. Anayetengeneza punje ni mwingine. Mwanafunzi akichanganya kazi hizi mbili, kurasa zake kumi zitasema nchi ina petrokemikali ilhali ina mashine za kumimina ndoo. Hata marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 iligusa wafinyanzi na wauzaji. Mtengeneza punje wa kuumia hakuwepo hapa nchini.

Hapo mtoto akaniuliza swali zuri: "Shangazi, si tuna gesi? Kwa nini tusitengeneze hizo punje?"

Hapa ndipo nakuomba usome polepole. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay 1982. Serikali inataja jumla ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa bahari kuu. Lakini gesi si kitu kimoja. Ya kwetu ni kavu, karibu yote ni metheni. Plastiki ya namba 2 inataka gesi iitwayo etheni, na etheni hupatikana kirahisi kwenye gesi ya ardhini yenye etheini (ndugu wa metheni, si etheni yenyewe) ya kutosha au kwenye mafuta ya mtambo wa kusafishia. Watu wa Ghuba wana vyote viwili. Metheni yenyewe njia yake ya kawaida ni nyingine: unaipasua kwa mvuke upate haidrojeni, unaiunganisha na naitrojeni ya hewani, unapata amonia, na kutoka amonia unapata mbolea ya urea. Kwa maneno mengine, gesi yetu inaelekea shambani kabla ya kuelekea kwenye ndoo. Anayekuahidi kiwanda cha plastiki kutoka Songo Songo akueleze etheni anaitoa wapi.

Tena gesi hiyo tangu ilipoanza kufika Dar mwaka 2004 kazi yake kubwa ni kuchomwa: inazalisha umeme Ubungo na Kinyerezi, inapasha matanuri ya saruji. Si vibaya, ila kuchoma gesi si kutengeneza kemikali. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 za umeme wa maji usiohitaji gesi, na kwa mtazamo wangu swali la gesi ipewe nani limerudi mezani kwa nguvu kuliko zamani.

Ukitaka kupima mustakabali, basi, pima mbolea. Mimi nina sababu ya nyumbani: babu yake huyu kijana alibeba mifuko kwenye kiwanda cha mbolea hapa Tanga. Kilianza miaka ya 1970, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baba alikuwa akituambia amonia ilikuja kwa meli, salfa kwa meli. Baadaye mwamba wa fosfati ulikuja kutoka Minjingu, mgodi uliofunguliwa 1983, na kwake huo ndio ulikuwa ushindi wa kusimuliwa. Minjingu bado ipo, inatengeneza mbolea hadi leo. Kiwanda cha Tanga hakipo. Kile chenye malighafi mlangoni kilibaki, kile cha kungoja meli kikaondoka. Sababu zilikuwa nyingi zaidi ya hiyo, lakini kama ningekuwa mwanafunzi ningeanzia hapo.

Kisha tafuta neno Kilwa. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kiwanda cha amonia huko, KILAMCO, kwa gesi ya Songo Songo. Haukujengwa. Miaka ya 2010 Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) na wabia wa nje wakarudi na mpango wa mbolea hukohuko Kilwa Masoko. Ukisoma habari za miradi kama hii, usitazame tarakimu za mabilioni, tazama kitenzi. "Wamesaini maelewano" ni salamu. "Wamekubaliana bei ya gesi" hapo kaa vizuri kitini. "Wamefanya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji" ndipo uandike aya. "Unatarajiwa" mpe mstari mmoja, usiuongezee. Pima hivyohivyo mradi wa kusindika gesi ya Lindi, ambao mkataba wake wa awali ulisainiwa Juni 2022. Tena kumbuka gesi ya kugandishwa kuwa kimiminika kwa ajili ya meli haizai urea wala ndoo. Kinachokuhusu wewe ni kiasi kitakachobaki nchini na kwa bei gani.

Kwa nini mbolea ina uzito huu? Mwaka 2022 bei za dunia ziliporuka, mfuko wa urea wa kilo 50 ulipita shilingi laki moja na ishirini, na serikali ikaweka ruzuku mkulima anunue kwa 70,000. Ruzuku ile ni bei ya kutokuwa na amonia yako. Wakati huohuo, Machi 2022, Wanigeria walizindua kiwanda cha Dangote cha urea huko Lekki, tani milioni 3 kwa mwaka, kinachotumia gesi yao wenyewe. Dodoma kwenyewe, pale Nala, kuna kiwanda cha mwekezaji kutoka Burundi kinachochanganya samadi na virutubisho vya madini. Mwambie mwalimu wako tofauti: Lekki wanatengeneza mbolea ya naitrojeni yenyewe, Nala wanachanganya. Zote ni kazi halali.

Tanga tuna swali letu la kienyeji. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na vijana wa mtaani kwangu wanaamini viwanda vya plastiki viko njiani. Nawaambia ukweli: bomba linapitisha. Mafuta yale ni mazito yenye nta, yanapashwa moto njia nzima ili yasigande, kisha yanapanda meli. Mtambo wa kusafisha ambao Uganda wanaupanga, mapipa 60,000 kwa siku, uko kwao. Sisi tutapata ushuru wa kupitisha na ajira za bandarini, na hilo si dogo, lakini si petrokemikali.

Kitu cha mwisho ni cha kuchosha ila kinalipa: kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Fungua sura ya 28 na 29 za kemikali, 31 ya mbolea, 34 ya sabuni, 39 ya plastiki. Malighafi kwa kawaida hutozwa asilimia 0, bidhaa nusu njia 10, iliyokamilika 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la 35. Palipoandikwa 0, mara nyingi nchi zetu zinakiri hazitengenezi. Palipoandikwa 25 au 35 kuna mwenye kiwanda aliyekwenda kulalamika. Linganisha na orodha ya ndoo yako.

Wiki mbili baadaye alinitumia rasimu kwa WhatsApp. Neno "fursa" lilikuwamo mara kumi na moja, nimeyazungushia yote kalamu nyekundu na kumrudishia picha. Amejibu, "Shangazi, nitabakiza mbili." Nimemwambia moja iwe ya Minjingu. Ya pili achague mwenyewe.