Kutafsiri maneno ya watoto mchezoni, Kiingereza kwenda Kijerumani

Juzi nilikesha kwenye simu na dada mmoja anayeishi Hamburg. Anatafsiri hadithi ya watoto wa London, na alikwama palepale nilipowahi kukwama mimi. Tulifanya hivi.

1. Jua ni mchezo gani: kukimbizana, kujificha, au kuruka miraba.

2. Tafuta kazi ya neno, maana yake iache kwanza. "You're it!" (sasa ni zamu yako kukimbiza) usiifanye "Du bist es", yaani "ni wewe". Hujakosea sarufi, ila utadhani polisi kamtambua mwizi wake. Mtoto humgusa mwenzake akasema "Du bist!", basi.

3. Neno la kuomba simile. Hapa ndipo penye kazi. Mtoto kamba ya kiatu imefunguka, anapishanisha vidole na kupiga kelele "Fainites!", yaani msinikamate kwanza. Peter na Iona Opie, mume na mke Waingereza waliokusanya misemo na michezo ya watoto, katika kitabu chao cha 1959, walionyesha kwamba neno hili hubadilika kwa eneo: London "fainites", Uskoti "barley", upande wa Newcastle "skinch". Mimi nilipokutana na "barley" nikaandika "Gerste". Shayiri! Mtoto kashika kiatu, anaita nafaka. Nilipoteza masaa matatu nikitafuta shamba liko wapi kwenye hadithi.

Ukishajua ni simile, bado hujamaliza. Mtu wa Vienna atakupa "Leo" (siyo leo yetu ya siku). Lakini Leo ni mahali, mti au ukuta ambao ukiushika hukamatwi. Mtoto wako akiwa katikati ya uwanja, haifai. Halafu kuna vile vidole. Kwa Wajerumani, anayevipishanisha nyuma ya mgongo anatengua kiapo chake, kwa hiyo msomaji ataona mtoto anadanganya. Vitoe. Mfanye ainue viganja viwili.

4. Chagua mji mmoja, usihame. Kukimbizana ni "Fangerl" Vienna, "Fangis" Uswisi, "Haschen" Leipzig, na Berlin wana "Einkriegezeck", neno ninalolipenda kuliko yote. Ukiogopa, "Fangen" inaeleweka kote.

5. Kejeli ni rahisi: "Ätsch!", huku kidole cha shahada kikisugua mwenzake kama anayeparua karoti. Na "last one there is a rotten egg" ni ya bure kabisa, yai bovu lipo pande zote mbili: "Wer zuletzt da ist, ist ein faules Ei".

6. Msomee mtoto. Programu za kutafsiri sizitaki kwenye kazi hii, hazijawahi kukimbizwa na mtu. Dada alimsomea binti wa jirani, wa miaka minane. Binti alitusimamisha mara moja tu, tulipoweka "Auszeit" (muda wa mapumziko) kwenye ile simile. Akasema hiyo ni ya mpira wa kikapu, kwani huyo mtoto ana kocha? Tukaandika "Stopp, mein Schuh!", yaani simama, kiatu changu!