Praktikali ya usaili wa fundi umeme kiwandani, jipange hivi

Ukiitwa usaili wa fundi umeme wa kiwanda, nguvu zako peleka kwenye praktikali. Mara nyingi utakuta mota ya fezi tatu, kontakta (swichi inayovutwa na koili ya umeme), ovalodi (inayokata mota ikivuta ampia kupita kiasi), pusha batani mbili na waya, unaambiwa funga DOL (mota inawashwa moja kwa moja kwa umeme wote), ukimaliza unapewa star-delta (mota inaanza na star, volti ndogo kwenye koili, kisha inahamia delta). Na msimamizi hasubiri tu mota izunguke, anakuangalia tangu unaposogea kwenye paneli.

Hatua ya 1: zima, funga kufuli, weka tagi yako, ndo upime. Mita ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima pale utakapogusa, fezi kwa fezi, fezi na nutro, fezi na athi, halafu irudishe tena pale penye umeme uone bado inasoma. Hiyo ya mwisho watu wanairuka sana, na mita ikifia katikati itakwambia hakuna umeme wakati upo. Hapa usiharakishe hata kama wenzako wameshaanza kukata waya.

Hatua ya 2: soma kibao cha mota. Kama ni 230/400 V, kwa umeme wetu wa 400 hiyo ni ya star tu, ukiipigia star-delta basi ikiingia delta kila koili inapata 400 wakati imetengenezewa 230, inaungua. Ya star-delta iwe 400/690. Angalia pia koili ya kontakta ni ya volti ngapi, 24, 230 au 400, usikisie.

Hatua ya 3: chora kontroli (saketi ya kuwasha na kuzima kontakta) kabla ya kushika bisibisi. Kwa koili ya 230, fezi inapita breka ndogo, 95-96 ya ovalodi (inayofunguka ovalodi ikitripu), stop, start, inaingia A1 ya koili ya kontakta, na A2, ncha yake ya pili, inaenda nutro. 13-14 ya kontakta (inayojifunga kontakta ikivuta) inakaa sambamba na start, ili kontakta ibaki imevuta ukiachia.

Hatua ya 4: funga pawa (waya za kwenda mota), kaza skrubu, kila waya uvute kidogo. Ovalodi iseti kwa ampia za kwenye kibao, ila kwenye star-delta ikiwa imekaa chini ya kontakta kuu zidisha kwa 0.58. Na intaloki usisahau kabisa: 21-22 (inayofunguka kontakta ikivuta) ya kontakta ya star ipite kwenye njia ya koili ya delta, ya delta ipite kwenye ya star, maana zikivuta zote pamoja ni shoti ya fezi kwa fezi.

Hatua ya 5: piga megga (kipima insulesheni) ya 500 V kati ya koili na bodi ya mota, ikishuka chini ya megaomu 1 usiwashe, waambie. Jaribu kontroli peke yake kwanza, kisha sema kwa sauti "nawasha" ndo uwashe.

Wakikuwekea folti, fuata dalili. Kontakta inavuta ukibonyeza start, ukiachia inaachia? Nenda moja kwa moja 13-14. Haivuti kabisa? Anza na 95-96, huenda ovalodi imetripu tu.